Mwaka Tuliopima Kimya

Philippa amekufa, na wenzangu wa zamani wa shirika wakaniita kwenda kumkumbuka katika ukumbi mmoja karibu na Farringdon. Nilikwenda. Nilivaa vizuri, nikapanda treni ya Metropolitan kutoka Wembley Park kama nilivyokuwa nikipanda ujanani, na nikala sambusa zao baridi za dukani bila ya haya. Watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu: alivyowapigania waandishi wa dunia nzima, alivyokuwa mkweli, alivyokuwa hapindishi hesabu hata kwa rafiki. Hapo nikaiweka sahani chini. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia la, nimeshiba tu. Ni kweli hakuwa akipindisha hesabu hata kwa rafiki. Hilo mimi ni shahidi wake, maana nilikuwapo. Sikulia. Sisi tumelelewa kwamba maiti hasemwi vibaya, na mimi simsemi Philippa. Nausema mwaka mmoja na ushei niliofanya kazi chini yake, na ukinisikia hasira basi nivumilie, kwa sababu hasira hii imekaa na mimi muda mrefu kuliko mume.

Ulikuwa mwaka walipokuwa wakilijenga lile kuba kubwa la Greenwich, na London nzima imeshikwa na wazimu wa milenia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina shahada niliyoipata kwa tabu na kazi ya kujibu simu katika kampuni ya bima, nikaona tangazo la shirika linalopima uhuru wa magazeti katika nchi za Afrika. Nilicheka niliposoma, kisha nikaomba, na wakanichukua. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani, vyumba viwili na jiko dogo lisilo dirisha. Chumba kikubwa kilikuwa na meza ndefu iliyotolewa shule fulani, imechorwa majina ya watoto kwa kisu, na juu yake magazeti ya nchi kumi na ushei yamelundikana, yananuka wino na mafuta ya taa. Asubuhi ukishuka treni ulipita pembeni mwa soko la nyama la Smithfield, ukakutana na wanaume waliovaa makoti meupe yenye damu wakinywa chai, halafu ukapanda ngazi kwenda kuhesabu watu waliopigwa. Nilizoea upesi. Mtu huzoea kila kitu, na hilo si sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila jambo lililompata mwandishi au gazeti lilikuwa na uzito wake: kuuawa kulikuwa na uzito mkubwa kuliko yote, kisha kufungwa, kisha gazeti kufungiwa, kisha mashine kuvunjwa, mpaka ufikie vitisho vya simu. Mwisho wa mwaka tulijumlisha. Nchi yenye alama nyingi ilikuwa mbaya, yenye alama chache ilikuwa na nafuu, na tuliifananisha nchi na nafsi yake, mwaka huu na mwaka jana na mwaka juzi, ili ijulikane inapanda au inateremka. Wafadhili wakubwa waliisoma hesabu ile kabla ya kutoa fedha zao, na kwa ajili hiyo marais nao waliisoma. Mimi nilipewa nchi moja ya Afrika Magharibi. Siitaji kwa jina, kwa sababu waliofanya mambo bado wana vyeo, na waliofanyiwa bado wana watoto pale.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Momodu. Alikuwa mtu wa nchi ile ile, mhariri wa gazeti la kila wiki mpaka siku waliyolifunga, wakaivunja mashine yake kwa nyundo, na yeye wakampiga hata sikio la kushoto likafa. Akakimbilia London akaomba hifadhi, na alikuwa akingoja jibu. Alfajiri alipiga deki ofisi za mabenki ya City. Ikifika saa nne alikuwa keshaketi mezani kwetu, suruali imenyooshwa, tai shingoni, kama mtu anayekwenda kuonana na waziri. Alisoma Dar es Salaam zamani, enzi za ujamaa, na Kiswahili chake kilibaki kule kule. Kila mtu kwake alikuwa ndugu. Siku yangu ya kwanza alichukua karatasi niliyoiandika, akaisoma, akairudisha mbele yangu kwa kidole kimoja kama anasukuma sahani yenye nzi.

"Ndugu Salma, umeandika waandishi wengi wamekamatwa. Wengi ni wangapi?"

"Gazeti limesema wengi."

"Gazeti limesema. Wewe je? Wengi si idadi, wengi ni kilio. Kilio kapige kwenu Wembley. Hapa niletee majina, na kila jina liwe na watu wawili wasiojuana wanaolithibitisha."

Nilimchukia kwa muda wa mwezi mzima. Halafu nikaanza kumngojea asubuhi, ili nimwoneshe kazi isiyo na kosa, na akiipitia bila ya kusema neno nilikuwa nikishuka ngazi jioni nimejaa furaha. Alikuwa mkali, mwenye kiburi, mbishi, tena mchokozi. Na hakuna mtu aliyenifundisha kufikiri kuliko yeye. Chumba chake kilikuwa Woolwich, juu ya duka la samaki wakavu na ndizi za kukaanga. Mara moja moja alinialika mimi na wafanyakazi wenzangu tukale wali na mchuzi wa karanga, mchuzi wenye pilipili ya kumtoa mtu machozi, na alikaa akitutazama tunavyofuta pua, anacheka. Ukutani palikuwa na picha ya mkewe, Hawa, aliyebaki nyumbani na watoto. Kila Jumapili alitoka na kadi ya simu akaenda kuzungumza naye kwenye kibanda cha simu karibu na soko, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka simu zake ziguswe. Nilimwona siku moja kutoka dirishani. Alikuwa amelibana lile sikio zima kwa chombo cha simu, na kwa mkono mwingine ameuziba mdomo asisikike na wapita njia.

Nilikosea nikamkaribisha kwetu. Mama aliwakirimu wageni kwa chakula na kuwatesa kwa maneno, na sikuzote vyote viwili vilikuwa vya kutosha. Bwana Momodu akaingia, akainama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini, na umri mmoja sisi?" Mama akamjibu. "Au mie naonekana kikongwe?"

"Samahani, ndugu."

Mama akatua sinia ya biriani mezani. "Baba, kaa, kula, jisikie kwako. Lakini nyumba hii usiniite ndugu. Hao ndugu wa mapinduzi ndio waliotutoa kwetu usiku na nguo tulizolalia."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akacheka mpaka akakohoa, na tangu hapo akawa anamwita Bibi Mkubwa, jambo lililomfurahisha Mama ingawa hakukiri mpaka kufa kwake. Walipokwisha kula Mama akamwuliza hasa hasa tunapima nini, na kwa chombo gani, kwa pishi au kwa kibaba. Bwana Momodu akamweleza yote, uzito wa kifo na uzito wa kufungwa, taratibu kama anamfundisha mwanafunzi mzuri.

"Na ikiwa watu wameshaogopa?" Mama akauliza. "Magazeti yamefungwa yote, hapana wa kuandika, hapana wa kukamatwa. Hapo mnaandika nini?"

"Hapo tunaandika kwamba hakuna aliyekamatwa."

"Kwa hivyo mwenye kutisha nusu nusu mnamlaumu, na aliyetisha barabara anapita."

"Bibi Mkubwa, hilo nalijua tangu kabla sijaja London, na limeniuma kabla halijakuuma wewe. Lakini nikianza kuhesabu yasiyotokea, kesho rais ataniuliza umeyaona wapi, na nitakosa jibu. Nikishakosa jibu mara moja, hata maiti zangu za kweli zitakuwa za uongo."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mama akasema, akamwongezea wali.

"Mshindo ukija nitauhesabu. Kimya sina mizani yake."

Nimeyakumbuka mazungumzo yale katika kila muongo wa umri wangu na kila mara nimebadilisha upande. Nilipokuwa kijana nilidhani Mama hajui kazi. Baadaye nikaona Bwana Momodu alikuwa mjinga mwenye elimu. Sasa nadhani wote wawili walikuwa wanasema kweli, na mtu anaweza kuuawa na kweli mbili kwa urahisi kuliko na uongo mmoja.

Basi tukafika mwisho wa hesabu. Nchi yake mwaka ule ilikuwa shwari. Magazeti yaliyokuwa yakilisumbua jeshi yalikwisha fungwa miaka ya nyuma, wahariri wamekimbia au wamekuwa watangazaji wa redio ya serikali, na aliyebaki aliandika habari za mpira na harusi. Nilitafuta, nikapiga simu, nikapata kisa kimoja tu kizito: mwalimu mstaafu aliyekuwa akiandika habari za mji kwa mkono na kuzibandika ukutani sokoni. Askari walimvunja meno, wakamfunga. Nilikuwa na mashahidi watatu, si wawili. Nilimpelekea Bwana Momodu nikitegemea atanisifu, na akauliza, "Ana gazeti?"

"Ana ukuta."

"Ukuta si gazeti. Mwandishi kwetu ni mtu mwenye chombo: gazeti, redio, shirika la habari. Tukimhesabu kila anayepigwa kwa kusema, tutakuwa tunapima ukatili, na ukatili hauna mwisho. Sisi tunapima kitu kimoja."

"Na meno yake?"

"Meno yake yaende kwa wanaohesabu meno."

Philippa alikuwa mlangoni, ameshika kikombe cha supu yake ya dengu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, sweta limetoboka viwiko, na sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Akatafsiriwa maneno yale, akatikisa kichwa kwa mapenzi makubwa. "Unaona, Salma," akaniambia, "ndiyo maana tunaaminiwa." Katika kikao cha mwisho Bwana Momodu aliomba jambo moja: chini ya alama ya nchi yake uandikwe mstari mmoja tu, kwamba alama zimepungua kwa kuwa hakuna gazeti lililobaki la kufungwa. Philippa akakubali. Kitabu kilipotoka mstari haukuwamo. Akasema kwa masikitiko kwamba ukurasa ulijaa, na wafadhili kwa kawaida hawasomi maandishi madogo ya chini. Alama peke yake ikasimama pale, nzuri kuliko zote nchi ile ilizowahi kupata tangu shirika lianze kupima.

Bwana Momodu alikasirika siku moja, kisha akaacha. Nilimwuliza mbona hagombi. Akaniambia alama ni sahihi, alizijumlisha mwenyewe mara tatu, na ugomvi wa mstari mmoja ni ugomvi wa wahariri. Halafu akaniambia neno ambalo sikulitilia maanani wakati ule. "Kule wanaiogopa hesabu hii kuliko wanavyomwogopa Mungu, kwa sababu Mungu hakati misaada. Mtu akiingia humu kitabuni angali hai, Ndugu Salma, huwa hawathubutu kummaliza. Kuna vijana wanatembea leo kwa sababu mimi niliwaandika."

Kesi yake ya hifadhi ilikuja mwanzo wa majira ya machipuko. Serikali ilikuwa imemkatalia, naye akakata rufaa, na mimi nikaenda kuketi nyuma yake katika chumba kidogo chenye zulia la kijivu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Niliijua hofu yake asubuhi ile kwa sababu alinisalimu bila ya kunikosoa. Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye mafua, amechoka, ana kesi nyingine tatu siku hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa kitabu chetu mkobani, kimewekwa alama kwa tiketi ya basi, akakifungua palipohusika.

"Hiki kinaheshimiwa sana, sivyo?"

"Kinaheshimiwa," Bwana Momodu akajibu.

"Na hapa kinasema hali ya waandishi wa nchi yako ni bora kuliko mwaka wowote uliopita. Unajua nani alitayarisha alama hizi?"

"Mimi."

Hakimu akainua uso. Naona hata yeye hakulitegemea jibu lile. Wakili wetu, mwanamke wa Kihindi kutoka Nairobi aliyeifanya kazi ile karibu bure, alikuwa amemwambia mara kumi kwenye korido: akikuuliza sema alama zinapotosha, sema hazifai, sema njia yenyewe ya kupima ni mbovu. Neno moja tu. Bwana Momodu akaeleza habari ya magazeti yaliyokwisha fungwa, akaeleza vizuri, na hakimu akamsikiliza, kisha akamwuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza. "Kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba alama hii si sahihi?"

Wakili wetu alimtazama. Mimi nilimtazama. Nilikuwa naomba dua kwa midomo, mimi ambaye sikuwa nikisali. Akanyoosha tai yake.

"Alama ni sahihi," akasema. "Ninyi ndio hamjui kuisoma."

Wakili wetu akafunga faili lake polepole. Nje, kwenye ngazi, alimwuliza kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Lakini why, mzee? Ungesema tu haiko sawa, mambo yaishe."

"Ningekuwa nimewaua wote niliowaandika kabla," akamjibu. "Kesho kila serikali ingesema mtengenezaji mwenyewe kaapa mahakamani kuwa hesabu ni mbovu."

Nilimpelekea Mama habari, na Mama hakusita hata kidogo. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. Kisha akaenda chumbani, na nilipopita mlangoni nikamsikia anamwombea Mungu kwa jina lake lote, Momodu, na baba yake, na watoto wake, akikosea kosea majina. Rufaa ilikataliwa. Hakimu aliandika kwamba shahidi alikuwa mkweli na mwenye kuaminika, na kwa kuwa anaaminika, basi ushahidi wake mwenyewe unaonesha hakuna hatari ya kumrudisha. Walimchukua majira ya joto, alipokwenda kuripoti kituo cha uhamiaji kama alivyokuwa akiripoti kila wiki. Alinipigia kutoka uwanja wa ndege. Nyuma yake nilisikia matangazo ya safari na mtoto wa mtu analia. Nilianza kulia na mimi, akaninyamazisha.

"Wacha kilio. Sikiliza. Wakinikamata, usikubali kuandika kwa maneno ya Hawa peke yake. Mke si shahidi. Tafuta wawili wasiojuana."

Hawa alinipigia siku ya tatu. Sikuwahi kuonana naye. Nilikuwa najua uso wake wa ukutani tu, na Kiingereza chake cha kwao kilikuwa kigumu kukisikia kwenye simu mbovu. Alisema alikwenda na watoto kumpokea mumewe, abiria wakatoka wote, mpaka wahudumu wa ndege wakatoka, na yeye hakutoka. Mkuu wa uwanja akamwambia hana habari na mtu huyo. Tangu siku ile kazi yangu ikawa moja. Nilimpata mchukuzi wa mizigo aliyemwona akipakiwa kwenye gari la jeshi. Baada ya wiki nyingi nikampata na askari wa gereza, mtu mwenye utu, aliyekuwa akimpelekea Hawa salamu na kuchukua shati safi: yu hai, amekonda, anawasahihisha walinzi Kiingereza chao. Wawili wasiojuana. Nilizihifadhi habari zile kama yai. Hawa akaniambia wanasheria wa kule wamemshauri asipige kelele, asubiri kitabu cha London. "Wakimwona kitabuni watamtoa," akasema. "Wote wanasema hivyo. Mtamweka, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo. Kwa nini nisingemwambia ndiyo?

Kikao cha hesabu ya mwaka ule kilikuwa cha watu saba, mchana, mvua inapiga madirisha, na mikate ya jibini katikati ya meza. Nilisoma kisa cha Bwana Momodu mwisho, baada ya vyengine vyote, na nilikisoma bila ya neno moja la kilio, kama alivyonifundisha. Watu walikuwa wanafuta macho. Philippa alikuwa analia wazi wazi. Akafuta pua kwa leso, akasema kwa sauti yake ile ya upole, "Alipokamatwa, alikuwa akiandikia gazeti gani?"

Nikadhani sikusikia. "Gazeti lake walilifunga."

"Ndiyo, na tulilihesabu mwaka uliofungwa. Hatuwezi kuhesabu jambo moja mara mbili, Salma."

"Sihesabu gazeti. Namhesabu yeye."

"Yeye alikuwa mpimaji. Alikuwa wetu. Tukimweka, watasema tunajihesabu wenyewe, na kanuni ya mwandishi ni yeye aliyeitetea hapa hapa, mwaka jana, mbele yako. Tukimvunjia leo tutakuwa tumemtukana."

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo Mama angenitia pilipili mdomoni kwa ajili yake. Nilimwambia Philippa kwamba mtu huyu atakufa kwa kukosa mstari katika kitabu chake, kwamba mke wake anangoja, kwamba nimeahidi. Nikasema tuandike hata maelezo madogo ya chini, yale yasiyosomwa na mtu. Kila mmoja alinihurumia sana. Mmoja akanimiminia maji. Kisha wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wangu ulikuwa peke yake upande wangu, na Philippa akaunyoosha wake huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Ndilo jambo ambalo hata leo siwezi kumsamehe. Angekuwa na moyo mkavu ningeweza kumchukia nikapumzika, lakini alimpenda kweli, na alimwacha kwa uangalifu mkubwa. Walikubaliana kuwa shirika litaandika barua ya faragha kwa balozi wa nchi ile, barua ya heshima, na nafikiri iliandikwa.

Kitabu kilitoka. Nchi ile haikuwa na mwandishi hata mmoja aliyefungwa mwaka ule. Niliacha kazi siku hiyo hiyo, nikarudi Wembley mchana watu wakiwa makazini, nikakaa jikoni na koti langu mwilini, na Mama akaniwekea chai mbele. Nilijua lazima nimpigie Hawa. Nilizunguka simu siku mbili. Siku ya tatu akapiga mwenyewe. Nikaanza kumweleza, nikababaika, nikataja kanuni, nikataja kura, na akaniacha niseme mpaka maneno yakanikauka.

"Najua," akasema. "Nilisikia redioni. Waliisoma usiku, baada ya habari za mvua. Wakasema hata London wamekiri kuwa hapa hakuna mwandishi aliye gerezani. Aliyesoma ni kijana Momodu aliyemfundisha kazi. Alisoma vizuri, hakukosea hata neno."

Nikamwuliza kama yule askari wa gereza amekuja tena, kama kuna salamu. Simu ilikuwa inakwaruza, na nilimsikia akimwambia mtoto atoke nje akacheze.

"Asubuhi yake walikuja maafisa wawili," akasema. "Watu wa adabu, walivua kofia. Waliniletea nguo zake, na viatu. Nikawauliza lini. Wakasema jana usiku." Kisha akaniambia bila ya hasira yoyote, kama mtu anayempa mwenziwe habari ambayo anaona itamfaa kazini, "Hawakumgusa miezi yote ile, Salma. Walikuwa wanangoja kwanza wasikie hesabu yenu."